Plau Lililopasuka Usiku

Kiswahili kina maneno mawili ya kuunga chuma kwa moto. Moja ni kulehemu. Hili limetoka kwa Waarabu, na huko kwao lina undugu na nyama: mzizi uleule unaotoa neno la nyama ndio unaotoa neno la kuunga chuma, na ndio pia unaotumika kusema kidonda kimefunga. La pili ni kuchomelea, la kwetu wenyewe, limeanzia kwenye kuchoma likavutwa na viambishi mpaka moto ukawa kazi ya kushikamanisha. Mtaani Bariadi hakuna anayelehemu. Watu wanachomelea, au wanapiga weldingi, na anayefanya hivyo ni fundi weldingi. Lakini tangu Novemba ile mimi nalipenda zaidi lile la kwanza, lenye nyama ndani yake, kwa sababu kidonda kinaweza kufunga juu huku chini kinaendelea kuoza. Chuma nacho ndivyo kilivyo.

Nieleze habari yenyewe, maana kazi yangu ni uandishi wa habari na najua msomaji akicheleweshwa sana anafunga ukurasa.

Baba yangu mdogo analima Itilima, moja ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipokatwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza mwaka 2012. Shamba lake lina sehemu mbili. Moja ni luseni, mchanga mwepesi ambao hata mtoto anaweza kuukwatua. Nyingine ni mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, na mvua ikinyesha unashika kila kitu kama gundi. Pamba anaipanda kote kuwili. Luseni haijawahi kumvunjia plau. Mbuga inamvunjia karibu kila msimu.

Mwaka ule kile kisu cha plau, bapa linalotangulia ardhini, kilikuwa kimelika mpaka kimebaki kama ulimi wa mbuzi. Kipya dukani kilikuwa na bei yake, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshadondoka. Akafanya wanachofanya wengi: akapata kipande cha springi ya lori, akakipeleka mnadani kwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea. Kijana akakata, akapiga rodi, cheche zikaruka, akakishika na koleo akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chwaaa. Mvuke ukapanda. Dakika ishirini kazi imekwisha, pesa imelipwa, plau limepakiwa kwenye bodaboda.

Kesho yake mvua ikanyesha siku nzima, mbuga haikulimika. Plau likabaki limeegemezwa ukutani, chini ya upenu. Usiku wa pili, watu wamelala, likatoa sauti. Mama mdogo anasema ilikuwa kama mtu amevunja kijiti kikavu karibu na sikio lako. Mbwa wakabweka. Baba mdogo akatoka na tochi akazunguka nyumba, hakuna mtu. Asubuhi wakakuta ufa, mrefu kama kidole cha kati, umenyooka kama uliochorwa na rula, pembeni tu mwa mshono wa rodi. Plau halijagusa udongo hata mara moja.

Jioni ya kabla ya usiku ule, bibi jirani alikuwa amepita kuomba moto. Alisimama karibu na upenu akisubiri kaa liwekwe kwenye kigae. Huyo bibi na baba mdogo walikuwa na maneno ya mpaka, mstari wa minyaa ambao kila upande unaamini umesogezwa. Na ni mjane, anakaa peke yake, na macho yake ni mekundu.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa nadhani hapo ameshanielewa, lakini kwa wengine niseme wazi. Nimeandika habari za mauaji ya vikongwe. Nimekaa kwenye mikeka ya matanga ya wanawake waliokatwa mapanga usiku, na nimesikia jinsi habari hizo zinavyoanza. Hazianzi na chuki. Zinaanza na sentensi ya kushangaa: kuna kitu kimetokea, na hakuna mtu aliyekigusa. Ng'ombe amekufa wakati hakuwa mgonjwa. Mtoto amelala mzima akaamka hasemi. Kisha anatafutwa mtu wa kuelezea, na anayeelezea ni mpiga ramli, na ramli haijawahi kumtaja tajiri mwenye watoto sita wa kiume wenye nguvu. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, enzi za Mwingereza. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Ramli ikahamia chumba cha nyuma.

Kwa hiyo mama mdogo aliponipigia simu na kusema, "Mwanangu, huku mambo si mazuri, plau limelia usiku," sikucheka. Nilimuuliza nani anasema nini. Akasema shemeji yake ameshataja jina la mganga mmoja ng'ambo ya mto, na kwamba mbuzi wa kupeleka ameshachaguliwa.

Nilimwomba baba mdogo kitu kimoja tu. Nipeni plau. Nipeni na siku nne. Hakukubali kwa sababu ya hoja zangu. Alikubali kwa sababu plau zima alilihitaji, uchawi uwepo usiwepo. Huyu ni mkulima.

*

Fundi niliyempelekea ana karakana ya mabati pembeni mwa mji wa Bariadi. Kazi aliianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, zamani za ushirika wa SHIRECU, ambako mashine ikisimama msimu wa pamba basi magari yanapanga foleni mpaka barabarani na kila mtu anakuja kukusimamia kichwani. Anasema pale ndipo alipojifunza kutokuwa na haraka, jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Umeleta mgonjwa?"

Nililitua plau. Hakuligusa. Akauliza chuma hiki kimetoka wapi, nikasema springi ya lori. Akauliza rodi gani, nikasema sijaiona ila naambiwa ni zile za kawaida, zilikuwa kwenye kiroba chini ya meza. Akauliza kilipozwa na nini, nikasema maji. Akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali lililonifanya nitafute pa kukaa.

"Kililia usiku wa kwanza au wa pili?"

Sikuwa nimemwambia habari ya sauti. Nilikuwa nimeamua kuificha kwanza, nione yeye mwenyewe ataona nini. Nikamuuliza amejuaje kwamba kililia.

"Springi, rodi mbichi, maji," akasema. "Hicho lazima kilie. Kama hakikulia usiku wa kwanza, kitalia wa pili. Wa tatu ni mara chache."

Naomba hapa nikae kidogo, kwa sababu alichonieleza mchana ule, na nilichokwenda kukisoma baadaye kuhakikisha, vinalingana, na ni vizuri kuliko hadithi nyingi nilizowahi kupewa na watu waliosoma.

Kwanza chuma chenyewe. Anglaini na skwea paipu tunazotengenezea madirisha ni chuma laini, kaboni yake haizidi robo ya asilimia. Springi ya gari ina kaboni mara mbili ya hiyo au zaidi, ndiyo maana inapinda na kurudi. Fundi alinionyesha tofauti bila karatasi yoyote ya maabara. Aliwasha grenda akagusisha kipande cha nondo: cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, chache zikipasukia mwishoni. Akagusisha springi: cheche fupi, zenye matawi, zinachanua kama maua ya mbigili. "Kila nyota ni kaboni," akasema. Chuma chenye kaboni nyingi, ukikipasha mpaka kiive halafu ukakipoza ghafla, kinageuka kigumu sana na kuwa kama kioo. Wataalamu wana jina la muundo huo, martensaiti. Fundi anauita ukaidi.

Pili, rodi. Ile ngozi iliyoizunguka rodi inafyonza unyevu wa hewani. Rodi iliyokaa kwenye kiroba wakati wa mvua ni rodi iliyokunywa maji, hata kama mkononi unaiona kavu. Moto wa mashine unayavunja yale maji, na ndani yake inatoka haidrojeni, chembe ndogo kuliko zote, inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Chuma kikipoa hakina tena nafasi ya kuibeba. Basi haidrojeni inaanza kutembea. Inatembea taratibu ndani ya chuma kigumu, saa baada ya saa, ikitafuta mahali palipovutika zaidi, na mahali hapo huwa pembeni mwa mshono, kwenye ule ukanda uliopata ukaidi. Ikishajikusanya ya kutosha, chuma kinaachia.

Tatu, mvuto wenyewe. Mshono ukipoa unasinyaa, na unaposinyaa unavuta vipande viwili ambavyo havitaki kusogea. Hakuna mtu anayeuona mvuto huo. Plau limeegemea ukutani limetulia, lakini ndani yake kuna kamba iliyokazwa.

"Ni mafiga matatu," fundi akasema. "Ukaidi, unyevu, mvuto. Ukiondoa figa moja chungu hakisimami." Vitabu vya uhandisi vinasema jambo hilohilo kwa michoro ya duara tatu zinazopishana, na vinaongeza kwamba ufa wa namna hii unaweza kuchelewa mpaka saa 48 au hata zaidi baada ya kuchomelea. Ndiyo maana kazi kubwa za madaraja na mabomba hazikaguliwi mara tu moto ukizimwa. Wakaguzi wanasubiri siku mbili ndipo warudi na vipimo. Mafiga ni bora kuliko duara, mimi naona. Duara halipiki.

Nilimuuliza kwa nini basi asipitishe rodi juu ya ufa, aufunike. Tumelelewa na methali ya ufa na ukuta, tumeiandikia insha darasa la sita: usipouziba, utajenga. Akacheka mpaka akavua kofia.

"Ufa wa nyumba unazibwa. Ufa wa chuma unafukuliwa. Ukiuziba umeufungia ndani na chakula chake."

Akaanza kuufukua. Kwanza alitaka kujua mwisho wake halisi, kwa sababu macho yanaona nusu tu. Alipaka mafuta ya taa kwenye mshono, akasubiri kama muda wa kunywa chai, akafuta kwa kitambaa mpaka pakauke. Kisha akasugua unga wa chaki. Chaki ilikuwa ya Maswa, wilaya ya jirani, ambako vijana walianzisha kiwanda kidogo cha chaki. Tukaa tunaangalia. Taratibu, kwenye ule weupe, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kupanda juu na kuchora mstari. Kidole cha kati kikawa kiganja kizima. Ule ufa ulikuwa umeshavuka mshono na kuingia kwenye chuma kizima, kimyakimya.

Akatoboa tundu dogo kila mwisho wa mstari. Ufa una ncha kali, na kwenye ncha hiyo nguvu yote inakusanyika. Ukikuta tundu la duara, nguvu inatawanyika na ufa unakosa pa kwenda. Ndipo akaingia na grenda, akakwangua mfereji mpaka chini kabisa, akarudia mafuta na chaki, hakuna mstari.

Rodi zake zilikuwa ndani ya friji bovu lililotolewa mashine, ndani yake balbu inawaka mchana na usiku. Majirani wanadhani ni kuangulia vifaranga. Balbu inazuia unyevu usiingie, lakini haiwezi kuutoa ulioingia, kwa hiyo zilizokaa wazi huwa anazioka: debe la bati, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, kama mtu anayeoka mkate wa kumimina. Rodi hizi zimechapwa 7018. Zile sabini za mwanzo zinaelezea nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, na namba za mwisho zinaeleza ngozi ya rodi, ambayo kwa hizi imetengenezwa ili itoe haidrojeni kidogo sana. Kuzioka kunataka joto la nyuzi kama 300 kwa saa moja au mbili. Rodi za kawaida, zile 6013 ambazo kila karakana inazo, hazitaki kuokwa hivyo. Unyevu kidogo ni sehemu ya utengenezaji wake, na ukizikausha kupita kiasi unaziharibu. Fundi alilisema hili kwa kupita tu, lakini nimelikumbuka kuliko mengine. Rodi inayofaa kwa dirisha haifai kwa springi, na hakuna kosa lolote upande wa rodi.

Halafu akawasha mkaa akaweka plau juu yake. Hapa subira yangu ilianza kuisha, maana nilitegemea kuona cheche, nikaona mtu anapika chuma kama muhogo. Kila baada ya muda alidondosha tone la maji pembeni. Mwanzoni tone lilikaa likachemka likaisha. Baadaye tone lilipogusa chuma lilijiviringisha, likakimbia kama shanga, likadondoka upande wa pili. "Sasa," akasema, na bado akaacha muda upite. Chuma kikiwa cha moto kabla ya kuchomelewa, kinachelewa kupoa, na kisipopoa ghafla hakipati ukaidi. Tena haidrojeni inapata muda wa kutoka nje badala ya kujificha. Figa mbili kwa mkaa wa bei ya soda.

Alichomelea vipande vifupi, urefu wa dole gumba. Baada ya kila kipande alilitoa gamba, akaugonga mshono ungali wa moto kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, ko ko ko, kuulegeza mvuto. Mwishoni mwa kila mstari hakunyanyua rodi ghafla. Alirudi nyuma kidogo akajaza kile kishimo, kwa sababu kishimo kilichoachwa hupasuka chenyewe kwa umbo la nyota. Alipomaliza, alilizika plau kwenye pipa la majivu makavu. Majivu ya pumba za mpunga na ya miti ya pamba, ile ambayo wakulima wa huku wanatakiwa kuing'oa na kuichoma baada ya mavuno ili wadudu wasipate pa kulala. Akafunika.

"Rudi keshokutwa."

"Nitalichukua kesho asubuhi, baba, kule mvua—"

"Keshokutwa. Leo nimechomelea. Bado sijamaliza."

*

Usiku ule kwenye gesti nilisoma habari ya meli. Januari 16, mwaka 1943, huko Portland, Oregon, Marekani, meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilikuwa imefungwa gatini. Mpya kabisa, imetoka majaribioni. Maji yametulia, hakuna dhoruba, hakuna vita karibu. Usiku, kwa mlio uliosikika mbali, ikakatika karibu nusu, gati mpaka gati ya mwili wake, ikabaki imeshikiliwa na bati la chini tu. Ilikuwa meli ya kuchomelewa, si ya kupigwa ribiti kama za zamani. Hakuna mtu aliyeigusa.

Ugonjwa wake si uleule wa plau. Kule chuma chenyewe kilikuwa kinageuka kioo kwenye baridi, na kwa kuwa meli imechomelewa yote kuwa kitu kimoja, ufa ukianza haukuti ukingo wa kuuzuia. Mtaalamu wa Cambridge, Constance Tipper, ndiye aliyekuja kuonyesha kazi ya baridi kwenye chuma kile. Lakini kabla ya hapo watu walitafuta wa kumlaumu, na lawama zilianza kwa wachomeleaji, wengi wao wageni wa kazi waliofundishwa harakaharaka kwa sababu ya vita. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria kwamba hata Marekani jibu la kwanza lilikuwa ni nani. Bahati yao ni kwamba waliendelea kuuliza mpaka wakafika kwenye nini.

Najua wasomaji wa hapa watanikumbusha Evans-Pritchard, kwa hiyo nimtaje mwenyewe. Kwenye kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande kuna ghala linaloangukia watu waliokaa kivulini chini yake. Wazande wanajua fika kwamba mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kingine: kwa nini liliwaangukia hawa, na kwa nini saa hii? Hapo ndipo uchawi unapoingia, kwenye pengo ambalo mchwa hawalijibu. Vizazi vya wanafunzi wa chuo kikuu, mimi nikiwamo, tumefundishwa kuliheshimu swali hilo, kwamba ni swali ambalo sayansi haina la kusema juu yake.

Sikubaliani tena, angalau si kwa plau. Kwa nini usiku wa pili? Kwa sababu haidrojeni ina mwendo wake. Kwa nini plau hili na si la jirani? Kwa sababu la jirani lina kisu cha dukani kilichofungwa kwa bolti. Kwa nini bila kuguswa? Kwa sababu limeguswa tayari, limeguswa na ndoo ya maji. Fundi alijua hata kwamba kililia. Pengo lile lililoachwa wazi kwa ajili ya bibi halikuwa na ukubwa tuliodhani.

Na macho. Fundi yule ana macho mekundu kuliko ya bibi. Miaka thelathini na zaidi ya mwanga wa rodi, mingine akiwa na miwani ya jua tu, imeyachoma. Asubuhi yanatoa machozi yenyewe. Ya bibi yamechomwa na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Wote wawili wamepata macho hayo kazini. Mmoja watu wanamwita fundi.

*

Siku ya tatu mafuta ya taa na chaki havikuchora kitu. Fundi alinipa plau pamoja na ushauri ambao sikuutegemea kwa mtu anayeishi kwa kuchomelea: wakipata pesa wanunue kisu cha dukani, wakifunge kwa bolti. Waliolibuni plau waliweka bolti kwa sababu walijua kisu kitalika na kubadilishwa. "Ufa rahisi kuzuia ni ule wa mahali usipochomelea," akasema, akarudi kwenye geti la mtu.

Wabeja gete, nikamwambia. Akanipungia rodi.

Kijijini nilieleza yote, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, nikionyesha kwa kidole. Shemeji wa mama mdogo aliuliza maswali mazuri kuliko ya wahariri wangu. Baba mdogo alisikiliza, akapitisha kucha kwenye mshono mpya, akauliza kama litahimili mbuga. Mbuzi alibaki bandani. Bibi alikuja jioni, akakaa mbali kidogo na wengine. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa anajua siku zote nne tulikuwa tunangoja nini. Hakuna aliyemweleza na yeye hakuuliza. Aliomba moto, akapewa, akaondoka kwa njia ya nyuma ya zizi, ambayo ni ndefu.

Plau lililima msimu ule, mbuga na luseni. Lakini mama mdogo ananiambia kuna nyumba mbili ambazo bado haziruhusu watoto wapite kwa bibi. Huo nao ni ufa uliofunikwa tu, nami sina chaki ya kuuonyesha.

Nilipita mnadani kumtafuta yule kijana. Ana miaka ishirini na kidogo, mpole, mashine yake imesukwa na fundi wa mtaani na haina nguvu ya kuwasha rodi za 7018 bila kukwama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu rodi alisema ataziweka kwenye kopo lenye mfuniko, hilo halina gharama. Kuhusu siku tatu alinionyesha watu waliosimama kwenye foleni, na mawingu.

"Dada, nikimwambia huyu aache plau arudi keshokutwa, anakwenda kwa mwenzangu pale. Ataniachia?"

Mwezi uliopita nilipita tena. Kando ya meza yake sasa kuna debe la majivu, limejaa. Ndoo ya maji nayo ipo palepale.